Mbwa wa Washenzi na Mbwa wa Waungwana

Mhadhara juu ya nasaba, siha na mfugaji wa kuaminika



Nilipoalikwa kusimama mbele ya hadhira hii, nikaambiwa nichague maudhui niyapendayo, nilisita kitambo kabla ya kumtaja mbwa, kwa kuwa najua ya kwamba katika miji yetu ya pwani mnyama huyu hakuzoea kukaribishwa barazani, na ya kwamba wako miongoni mwenu watu wa twahara ambao wangeona afadhali wakutane naye langoni kuliko mhadharani. Lakini wazee wa miji hiyo hiyo ndio waliotusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Na sheria ile ile ya Kiislamu iliyotuamuru kuosha chombo alichoramba mbwa ndiyo iliyoruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Kumpenda mbwa ni hiari ya mtu. Maneno yangu ya leo ni juu ya haki ya mnyama na fedha ya mnunuzi, mambo mawili ambayo dini na mila zetu hazikuyadharau.

Kusudi langu ni kuonyesha kwamba cheti cha nasaba humwambia mnunuzi mbwa ametoka kwa nani, wala hakimwambii ametoka na nini. Na kwamba pengo lililo baina ya mambo hayo mawili halizibwi ila kwa uaminifu wa mfugaji na maswali ya mnunuzi. Nitalithibitisha hilo kwa hoja 5. Wenye maswali nawaomba wayaweke mpaka mwisho, isipokuwa madaktari wa mifugo waliomo humu, ambao nikikosea wana ruhusa ya kukohoa.

Kabla ya kuzihesabu hoja, niruhusuni nisimulie kisa cha neno. Yuko mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, mwenye masikio ya kusimama, kipaji cha uso kilichokunjamana kama cha mtu aliyezama katika fikira, na mkia uliojisokota juu ya mgongo, ambaye habweki kama wenzake bali hutoa sauti ya kuimba iliyo baina ya kicheko na kilio. Wageni wa Kizungu walipouliza ni mbwa gani huyu, waliambiwa ni mbwa wa basenji, yaani wa watu wa vijijini. Na basenji, kama masikio yenu yalivyokwisha kutambua, ni washenzi wetu, neno la pwani lililosafiri bara likabadili herufi zake njiani. Mwaka 1895 mbwa wa namna hiyo walionyeshwa Uingereza, wakafa kwa maradhi ya distempa. Lakini mwaka 1937 wenzao walifika katika maonyesho makubwa ya Crufts mjini London, watu wakasongamana kuwatazama, na mbwa wa washenzi akaingia katika daftari za waungwana. Jina lake rasmi hata leo, duniani kote, ni Basenji. Kiwekeni kisa hiki akilini, maana tutakirudia.

Hoja ya kwanza: Nasaba ni kumbukumbu, siha ni jambo jingine

Mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka, lakini mbwa wa cheti ni mtoto wa juzi. Maonyesho ya kwanza ya mbwa yaliyopangwa kwa taratibu yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859. Na chama cha Kennel Club kikaasisiwa London mwaka 1873, kikafungua daftari la kuandika majina ya mbwa na ya wazazi wao. Kabla ya hapo mbwa alipimwa kwa kazi yake: wa kondoo akajulikana malishoni, wa kuwinda akajulikana porini, na asiyeweza hili wala lile hakutafutiwa mke. Baada ya hapo alianza kupimwa kwa babu zake na kwa sura yake, na daftari la kila mbegu likafungwa kama lango la ngome, hata mbwa ambaye wazazi wake hawakuandikwa, awe hodari namna gani, asipate mlango wa kuingilia.

Tafakarini natija yake. Kijiji ambacho mgeni haruhusiwi kuoa wala kuolewa, hata kikiwa na watu elfu, baada ya vizazi kadha kila bwana arusi atakuwa binamu ya bibi arusi. Watafiti wa Imperial College ya London waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2008 walikuta kwamba pagi wapatao 10,000 wa Uingereza, wale mbwa wadogo wenye uso bapa, kwa kipimo cha tafauti zilizomo katika damu yao walikuwa sawa na mbwa 50 tu. Na hapo msidhani kwamba kuzalisha baba na binti yake, au ndugu kwa ndugu, lilikuwa jambo la kufichwa: mpaka mwaka 2009 chama cha Kennel Club kilikuwa kikiwaandika watoto wa ndoa za namna hiyo kama kinavyowaandika wengine, na kiliacha baada ya filamu iliyoonyeshwa na BBC mwaka uliotangulia kuwatia watu hasira.

Mimi mwenyewe nilifunzwa somo hili kwa gharama. Zamani nilinunua dume la mchungaji wa Kijerumani, ambaye huku kwetu twamwita jamani shepadi, kwa mtu ambaye sitamtaja, naye alinikabidhi cheti chenye mhuri wa dhahabu na majina ya mababu wa vizazi vinne, mengine marefu kuliko majina ya masultani. Mbwa yule alipotimiza mwaka mmoja na miezi miwili hakuweza kupanda ngazi tatu za baraza yangu, kwa kuwa vichwa vya mapaja yake havikukaa sawasawa katika vikombe vya nyonga. Nilikisoma tena cheti mstari kwa mstari, na hakikuwa na uwongo hata mmoja; ila juu ya nyonga za baba na mama hakikuwa na neno. Ndipo nilipotambua kwamba nilinunua karatasi, na mbwa nikapewa bure.

Hoja ya pili: Maradhi hujificha ndani ya mzima

Kila mbwa hupewa karibu kila jeni mara mbili, moja na baba yake na moja na mama yake. Fanyeni mfano wa sebule yenye taa mbili: ikizimika moja, nyingine huangaza, na mpita njia hatajua kwamba nyumba ile ina taa mbovu. Ndivyo alivyo mbwa aliyebeba jeni moja yenye kasoro: anakula, anakimbia, anashinda vikombe. Akipandana na mwenzake aliyebeba kasoro ile ile, kila mtoto wao ana nafasi 1 katika 4 ya kurithi taa mbovu zote mbili na kuugua, nafasi 2 katika 4 za kubeba kimya kimya kama wazazi wake, na nafasi 1 ya kutoka salama kabisa. Sasa mnaona kwa nini ndoa ya ndugu ni hatari: si kwamba undugu huzalisha maradhi, bali watu wa nyumba moja wamerithi taa mbovu ya babu mmoja, na ndoa yao huzikutanisha.

Basenji alilipa deni hili kwa figo zake. Wale walioko Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno waliotolewa Kongo, na katika ukoo huo mwembamba kulijitokeza kwanza upungufu wa damu wa kurithi, ambao katika miaka ya 1970 wafugaji waliupiga vita kwa kupima mbwa wao na kuwaondoa katika uzazi wale waliobeba kasoro. Maradhi yale yalipungua sana, na kazi ile ilistahiki sifa. Lakini kila mbwa aliyeondolewa aliondoka na mema yake pia, kisima cha damu yao kikazidi kukauka, na maradhi mengine yakapata nafasi. Hayo ni maradhi ya Fanconi, ambayo huviharibu vijifereji vya figo hata vikashindwa kurudisha mwilini sukari na chumvi, vyote vikapotea na mkojo. Mbwa hunywa maji asikate kiu, hukonda ilhali anakula, na mkojo wake hujaa sukari hali ya kuwa sukari ya damuni ni ya kawaida, nayo ndiyo tafauti yake na mwenye kisukari. Msiba wenyewe ni kwamba aghalabu dalili hutokea mbwa akiwa wa miaka 4 au zaidi, wakati amekwisha kuzaa, na pengine watoto wake nao wamekwisha kuzaa.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kwanza, ambacho kilikisia kwa kutazama alama zilizo jirani na jeni, na mwaka 2011 kikapatikana kipimo cha kasoro yenyewe. Wafugaji walioonywa na makosa ya miaka ya 1970 hawakumtupa kila aliyebeba. Walimwoza kwa mwenzi aliye salama, ambapo hapana mtoto hata mmoja atakayeugua, kisha wakachagua katika watoto wale waliotoka safi. Nawasihi wale mtakaofuga mlikumbuke jambo hili: kipimo ni taa ya kuonyesha njia, na mwenye kukifanya panga la kufyekea atafyeka na shamba.

Hoja ya tatu: Pengine umbo lenyewe ndilo maradhi

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini ziko kasoro ambazo hazikujificha hata kidogo. Tumeziweka juu ya uso wa mnyama, tukazivisha utepe wa ushindi. Mtazameni buldogi wa Kiingereza, ambaye amechaguliwa kizazi baada ya kizazi awe na kichwa kikubwa, mabega mapana, kiuno chembamba na pua iliyobonyea: akilala hukoroma, kukiwa na jua huhema, na uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila mimba 100 za buldogi zaidi ya 80 zilizaliwa kwa kisu cha daktari. Mnyama asiyeweza kuzaa bila ya kupasuliwa, kama pasingekuwa na sisi, ukoo wake ungekwisha katika kizazi kimoja. Na ninyi mtakaomfuga katika joto la Mombasa au la Dar es Salaam, ambako hata mwenye pua ndefu hutafuta kivuli, jiulizeni mnampeleka wapi.

Mfano wa pili unatoka katika bara letu. Mbwa aitwaye Rhodesian Ridgeback, ambaye maelezo ya umbo lake yaliandikwa Bulawayo mwaka 1922, ana mstari wa nywele mgongoni zilizolala kuelekea kichwani, urithi alioupata kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini. Mstari huo ukafanywa ndio utambulisho wake, na watoto waliozaliwa bila ya mstari, kwa miaka mingi, mahali pengi, wakauawa siku walipozaliwa. Walakini mwaka 2007 wanasayansi walibainisha kwamba badiliko lile lile linaloleta mstari ndilo linaloongeza hatari ya kuzaliwa na tundu katika ngozi ya mgongo, tundu ambalo huweza kushuka mpaka karibu na uti wa mgongo na kuingiza usaha, na hatari ni kubwa zaidi kwa mbwa aliyerithi mstari kwa wazazi wote wawili. Kumbe aliyeuawa kwa kukosa uzuri ndiye aliyekuwa na kinga! Sijui kisa kinachoonyesha wazi zaidi jinsi jicho la binadamu linavyoweza kuhukumu bila ya insafu.

Hoja ya nne: Dawa ilitoka nje ya ukuta

Yuko mbwa mweupe mwenye madoa meusi, wa Dalmatia, ambaye wengi wenu mmemwona katika sinema. Madoa yake yanajulikana kote. Lisilojulikana sana ni kwamba mbegu yote, bila ya kumbakiza hata mmoja, ilikuwa imerithi kasoro inayojaza asidi ya yuriki katika mkojo, ambayo hugeuka mawe na kuziba njia, hasa kwa madume. Kwa kuwa wote walikuwa nayo, hapakuwa na wa kuchagua ndani ya ukuta. Mwaka 1973 mtaalamu wa urithi wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatia na mbwa wa kuwindia ndege aitwaye Pointer, mara moja tu, kisha akawarudisha watoto kwa Dalmatia kizazi baada ya kizazi, akichagua kila mara wale wenye mkojo salama. Baada ya vizazi vichache madoa yalikuwa yale yale na mkojo ukawa safi. Mngedhani wafugaji walimpokea kwa ngoma. Mwaka 1981 chama cha Marekani cha kuandika mbwa kiliwaandika wawili wa uzao huo, kisha mlango ukafungwa kwa malalamiko kwamba damu imechafuliwa, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 2011. Miaka 30 mawe yaliendelea kukua ili daftari libaki safi.

Tumrudie sasa Basenji wetu. Wapenzi wake walipoona kisima kimekauka, walifanya jambo la unyenyekevu: mwishoni mwa miaka ya 1980 walisafiri mpaka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, wakaingia vijijini, wakatafuta mbwa waliokuwa wakiwinda na wenyeji, kengele za mti shingoni, bila ya cheti wala mhuri. Mwaka 1990 daftari la Marekani lilifunguliwa kwa mbwa 14 wa namna hiyo, na likafunguliwa tena kuanzia mwaka 2009 hadi 2013. Walikuja na damu mpya, na rangi ya milia ambayo waungwana wa London hawakuwa nayo. Mbwa aliyeitwa mshenzi akafanywa muungwana, muungwana akaugua, na alipougua, akarudishwa kwa washenzi kutafuta siha.

Hapa pana hadhari. Mtu asitoke humu akisema mbwa koko hana maradhi ya kurithi. Anayo, ila kwa kuwa huchanganya damu na kila apitaye, ni nadra taa mbovu mbili za namna moja kukutana katika nyumba moja.

Hoja ya tano: Alama za mfugaji wa kuaminika

Basi mtu afanyeje anayehitaji mbwa wa mbegu, ama kwa ulinzi, ama kwa kuwa moyo wake umempenda? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: mtoto wa mbwa, au kilebu kama walivyosema wazee, anayetembezwa ndani ya boksi kando ya barabara, au anayeletwa langoni pako na mtu mwenye haraka, tayari amekwambia habari ya aliyemzaa. Mfugaji wa kuaminika nitamtaja kwa alama tano.

Ya kwanza, hukuonyesha mama, nyumbani kwake, akiwa na watoto wake, na hawatoi watoto hao kabla ya wiki 8. Tabia ya mama ni sehemu ya urithi, na banda ni shahidi asiyehongeka.

Ya pili, hukuonyesha majibu ya vipimo vya baba na mama, kila mbegu kwa vipimo vyake: Basenji kwa figo, Dalmatia kwa masikio, maana baadhi yao huzaliwa viziwi wa sikio moja au yote mawili, na mchungaji wa Kijerumani kwa picha za eksirei za nyonga. Na mwenye koli, yule mchungaji wa Kiskoti mwenye manyoya marefu, aulize juu ya jeni iitwayo MDR1, kwa kuwa mbwa mwenye kasoro hiyo akidungwa ivermektini, dawa ile ile tunayodungia ng'ombe wetu, kwa kiasi cha kupita kidogo, huweza kuzimia na kufa. Naona daktari mmoja anatikisa kichwa kwa huzuni. Bila shaka ameliona.

Ya tatu, hana pupa. Nchini Marekani taasisi iliyoundwa mwaka 1966 kwa ajili ya kupima nyonga haitoi cheti kamili kabla ya mbwa kutimiza miaka 2; basi jike aliyezalishwa akiwa wa miezi 10, mfugaji wake alikuwa hajajua nyonga zake zitakuwaje.

Ya nne, hukuhoji wewe: una ua wa namna gani, nani atamlisha, kwa nini wamtaka huyu na si mwingine. Ukiona unahojiwa kama mposaji, usiudhike. Furahi, kwani aliyejali binti yake anakwenda kwa nani alijali pia binti yake ni nani. Naye hukuandikia mkataba kwamba ukishindwa kumtunza, mbwa atarudi kwake.

Ya tano, nayo ni kubwa kuliko zote, hukiri. Mwulizeni: ni maradhi gani yaliyotokea katika uzao wako? Anayejibu kwamba hapana hata moja, ama ameanza jana, ama anaficha. Mwaminifu atakwambia kwamba mjomba wa kilebu huyu alikuwa na nyonga mbovu, na kwamba hata wazazi wenye nyonga nzuri huweza kuzaa mtoto mwenye nyonga mbaya, kwa kuwa jambo hilo huletwa na jeni nyingi pamoja na lishe na mazoezi. Atakwambia amefanya nini kulipunguza, wala hatakuahidi kwamba amelimaliza. Maneno ya namna hiyo hayapendezi masikioni, na ndiyo ya kununuliwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namaliza. Ufugaji wa mbwa wa mbegu katika nchi zetu ungali mchanga, nao uchanga una fadhila zake, kwani hatulazimiki kuyarudia makosa ya waliotutangulia kwa miaka 100 na zaidi. Tuna madaktari wanaofunzwa Nairobi na Morogoro. Tuna mashine za eksirei katika miji mikubwa. Na kijiti chenye mate ya mbwa huweza kutumwa kwa posta mpaka maabara ya mbali na majibu yakarudi. Kinachotakiwa ni wafugaji wetu wakubaliane kwamba kila jina litakaloandikwa katika daftari liandikwe na siha yake ubavuni, na wanunuzi wakatae kulipa kabla ya kuisoma. Soko hufuata maswali ya wanunuzi. Wafugaji wakijua kwamba kila agongaye lango atauliza, watapima kabla hajagonga.

Na siku mtakaposimama kwenye lango hilo, mkakabidhiwa cheti chenye mhuri na majina marefu, kipokeeni kwa adabu, kisomeni, kisha kigeuzeni upande wa nyuma, ule mweupe usioandikwa kitu, mkamwambie mwenye nyumba: nisomee na huku.

Madaktari wamekohoa mara moja tu, nami nataraji yalikuwa mafua.